Mrejesho: bamba la shaba lililong'olewa kaburini

Wadau, niliuliza nani analinda bamba la kaburi la askari mstaafu likiibwa kwenye makaburi binafsi Marekani. Ile sheria ya shirikisho ya 2003 ya kulinda minara na mabamba ya kumbukumbu ya wanajeshi, yenye kifungo hadi miaka 10, inagusa yaliyo kwenye ardhi ya umma tu. Kwingine ni sheria za jimbo. Ila bamba lililotolewa na serikali hubaki mali ya serikali popote lilipo, hivyo anayeliuza kama chuma chakavu hawezi kudai ni lake.

Ripoti polisi, kisha jaza fomu 40-1330 ya VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia askari wastaafu), ya kuombea bamba la kaburi. Kwenye nafasi ya maelezo andika limeibwa. Jipya ni bure, kama kilo 8, linakuja na boliti, nati na washa (vile vipete vya chini ya nati). Msingi na fundi, familia inajilipia (hapo ndipo wengi hukwama).