Kroton inapukutisha majani tangu iingie sebuleni

mpenda_vyungu: Habari wadau. Kroton yangu (ule mmea wa mapambo wenye majani ya rangi rangi) ya kama mita moja niliitoa barazani nikaiweka sebuleni, kona ya mbali na dirisha, na kuna AC. Majani ya chini yanapukutika, mapya yanatoka kijani tupu, yaliyobaki yana vidoadoa vyeupe kama vumbi. Namwagilia kila siku. Niongeze mbolea?

bustani_pwani: Mbolea acha kabisa kwa sasa. Mmea uliopungukiwa majani hunywa kidogo, hivyo chumvi ya mbolea inabaki kwenye udongo na kuunguza mizizi. Kroton ikihamishwa ghafla hupukutisha, hilo ni kawaida yake. Kinachoimaliza ni maji ya kila siku gizani, maana mizizi inaoza. Chomeka kidole, ukikuta udongo mkavu sentimita 3 chini ndipo umwagilie, na maji ya kwenye sahani uyamwage.

Rangi inaletwa na mwanga. Isogeze karibu na dirisha la mashariki ipate jua la asubuhi, mbali na upepo wa AC. Ukitaka kuirudisha nje, anzia kivulini na uizoeze jua kidogo kidogo kwa siku 10 hivi, la sivyo majani yatababuka.

Shamba_la_Maua: Hivyo vidoadoa navishuku ni utitiri, wadudu wadogo sana. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Ukiona chembe zinatembea, ndio wenyewe. Hewa kavu ya AC wanaipenda mno. Osha majani kwa maji ya kasi, hasa upande wa chini, kisha jioni nyunyiza sabuni ya maji isiyo kali, kijiko cha chai kimoja kwa lita moja. Jaribu jani moja kwanza. Rudia kila baada ya siku 5, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai. Sabuni ya unga usiguse, inaunguza.

mpenda_vyungu: Asanteni wakuu. Na shina lililobaki uchi?

bustani_pwani: Subiri ichangamke kwanza. Kisha, ili shina litoe mizizi hapo juu, chini kidogo ya majani menya gome pete ya sentimita 2, ukwangue ute wote; ukiubakiza, gome litajiunga tena. Funika kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, zungushia nailoni, kaza juu na chini. Mizizi ikijaa, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, kata chini yake, uipande kwenye chungu kipya. Kisiki kitachipua pembeni. Vaa glavu, utomvu wake unawasha.