Naomba ushauri: kuwaenzi wanamichezo wa zamani wa chuo chetu

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo kidogo cha ualimu. Siku ya mahafali tunataka kuwaenzi wanachuo wa zamani waliotuletea heshima UMISAVUTA, yaani mashindano ya michezo ya vyuo vya ualimu Tanzania, picha na majina yao yakae pale bwaloni. Tuanze na watano tu.

Shida ni kumbukumbu. Daftari la michezo limeliwa na mchwa. Kimebaki kikombe kimoja cha netiboli, mkono umekatika, na picha ya timu isiyo na majina nyuma. Nimemfuata mwalimu mstaafu, akataja wanane bila kusita, ila miaka anaichanganya.

Kwenye kamati nako hatujaelewana. Wenzangu wanataka wenye medali tu. Mimi naona si haki: John Stephen Akhwari alikuwa wa mwisho kumaliza marathoni ya Mexico 1968, mguu umefungwa bendeji, na hadi leo tunamtaja kwa fahari.

Mliowahi kufanya jambo hili, ushahidi wa mdomo mliuthibitishaje kabla ya kuandika jina ukutani? Na kwa aliyefariki, tuzo akabidhiwe nani, mjane au wazazi, bila kuzua ugomvi? Natanguliza shukrani.