Nani aliwaambia mafundi wa Drupal (mfumo wa kuendeshea tovuti) kwamba sapi-c ni dawa ya kila ugonjwa?

Wakuu, hii tabia imezidi. Mteja akilalamika tu kwamba makala aliyoweka leo haionekani akiitafuta, fundi anaingia kwenye seva, anafungua Drush (chombo cha kuiamuru Drupal kwa maandishi) na kuandika `drush sapi-c`, amri inayofuta faharasa, yaani orodha ambayo utafutaji huisoma. Saa nne asubuhi, siku ya kazi! Kisanduku cha kutafutia hakina tena jibu hata moja, na mteja anaambiwa "subiri, mfumo unajipanga".

Haujipangi. Search API (moduli ya utafutaji ya Drupal), kama hukugusa mipangilio yake, huingiza vipengee 50 kila kroni (kazi inayojirudia kwa ratiba) inapopita, na kroni ya ndani ya Drupal hupita kila saa 3, tena inangoja mgeni afungue ukurasa ndipo iamke. Tovuti yenye makala 12,000 inataka mizunguko 240. Hizo ni siku 30, ndugu yangu. Mwezi mzima tovuti inatafutika nusunusu kwa sababu ya amri ya herufi sita.

Na mbaya zaidi, `sapi-c` bila jina la faharasa inafuta faharasa ZOTE, na haikuulizi kama una uhakika. Una faharasa ya makala, ya bidhaa na ya watumiaji? Zote zimekwenda.

Amri mlizozihitaji mara tisa kati ya kumi ni hizi (`sapi-s` inaonyesha hali, `sapi-i` inaingiza vipengee, na `maudhui` ni jina la faharasa):

drush sapi-s
drush sapi-r maudhui
drush sapi-i maudhui --batch-size=100

`sapi-r` haigusi kilichomo kwenye Solr, injini ya utafutaji inayotunza faharasa. Inaweka alama tu kwamba kila kipengee kinadaiwa kuingizwa upya. Wageni wanaendelea kupata majibu ya zamani huku `sapi-i` ikibadilisha kimoja kimoja. Iendeshe ndani ya `screen` au `tmux`, maana mtandao ukikatika katikati nayo inakatika. Ikikatika usianze upya: daftari la ufuatiliaji linajua ilipofika, rudia `sapi-i` peke yake. Kumbukumbu (memory) ikiisha, shusha fungu (`--batch-size`) hadi 20. Fungu likikwama palepale kila mara, kuna kipengee kibovu humo: shusha hadi 1 na usome `drush ws`, orodha ya makosa ya Drupal. Si kufuta!

Halafu kuna wale wa "mbona sapi-s inasema 100%?" Hiyo asilimia inatoka kwenye jedwali la `search_api_item` ndani ya hifadhidata ya Drupal. Haiendi kuiuliza Solr ina nyaraka ngapi. Mtu akifuta nyaraka zilizomo kwenye kiini (core) cha Solr kutoka upande wa pili, Drupal itaendelea kukwambia 100% huku utafutaji ni mtupu. Hapo pia ni `sapi-r`, kisha `sapi-i`. Na kama makala ziliingizwa moja kwa moja kwenye hifadhidata kwa SQL, bila kupitia Drupal, daftari halizijui kabisa, jumla ya `sapi-s` itakuwa pungufu. Hapo ndipo `sapi-rt`, inayojenga daftari upya, ina kazi.

`sapi-c` ina mahali pake, sikatai. Makala zilifutwa kwa SQL na bado zinajitokeza kama mizimu kwenye majibu? Futa, lakini usiku, kwa jina la faharasa, na `sapi-i` ifuate papo hapo.

Wengine wanafuta kwa sababu "kitabu" haileti "vitabu". Jamani! Solr haiji na kichanganuzi kinachojua ngeli za Kiswahili. Futa mara mia, "vitabu" haitakuja. Tengeneza orodha ya visawe au ubadilishe uchambuzi wa neno, kisha `sapi-r`.

Sasa kosa linalostahili mtu kunyang'anywa nywila. Fundi anachukua nakala ya hifadhidata ya tovuti hai, anaiweka kwenye mashine yake ya majaribio, halafu anajaribu `sapi-c` "kwa usalama". Anwani ya Solr imekuja ndani ya nakala ile ile. Ile alama ya tovuti ambayo Search API Solr hutia kwenye kila waraka nayo imo ndani ya hifadhidata, kwa hiyo Solr haiwezi kutofautisha nakala na tovuti yenyewe. Umefuta ya watu. Hata kuhifadhi makala ya majaribio kunaandika kwenye Solr hai kama faharasa imewekwa kuingiza papo hapo.

Kinga ni mstari mmoja kwenye `settings.php` ya majaribio, unaoifanya faharasa iwe ya kusomwa tu:

$config['search_api.index.maudhui']['read_only'] = TRUE;

Ukiuweka, `sapi-c` na `sapi-i` hazitaigusa Solr. Kabla ya lolote angalia unaongea na seva ipi, kwa jina la seva yako ya utafutaji:

drush cget search_api.server.solr --include-overridden

Usipoweka `--include-overridden` utaonyeshwa thamani iliyohifadhiwa, si ile inayotumika, na utajidanganya.

(Na acheni kuendesha Drush kama root, mtumiaji mkuu wa seva. Faili za kache zinabaki za root, kesho www-data (mtumiaji anayeendesha tovuti) haiwezi kuandika, mnaanza kulaumu Solr. `sudo -u www-data`, basi. Kwenye usakinishaji wenye tovuti nyingi ongeza `--uri`, la sivyo unahudumia tovuti nyingine kabisa.)

Anayetaka kubisha aje na matokeo ya `sapi-s` na `drush ws`. Picha ya ukurasa mtupu sijibu.