Re: Baiskeli ya kwanza ya barabarani, mfuko mdogo

> Wandugu, habari za siku. Basi limenichosha, na kazini ni kama kilomita 9 tu. Nataka ile baiskeli nyembamba ya usukani uliopinda. Fedha ni za kubana. Ninunue mpya ya bei ya chini au mtumba wa maana?

Kaka, salama. Mtumba, ila fremu ikutoshe. Gia, tairi, hata usukani hubadilishwa. Fremu isiyokutosha dawa yake ni kuiuza tu. Mimi ya kwanza niliinunua kwa kupenda rangi. Ilikuwa imenizidi, nikawa naendesha kama mtu anayetafuta kitu uvunguni, na shingo ndiyo iliyoniamulia kuiuza kwa hasara.

Namba za 52, 54 au 56 ni sentimita za bomba la kiti, lakini kila kampuni hupima kivyake, kwa hiyo panda mwenyewe. Kiti hupandishwa na kushushwa; shida huwa ni umbali wa kuufikia usukani. Shika pale penye breki: viwiko vikikunjika kidogo, sawa. Ukilazimika kujinyoosha, iache hata kama muuzaji anaiuza kwa bei ya kutupa.

Halafu nenda na rula. Sichekeshi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, hesabu pini 24 mbele yake. Kwenye cheni mpya utasoma milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Ikifika 306.4 cheni imekwisha, lakini cheni si ghali. Ikikaribia 308, huenda meno ya gia za nyuma nayo yameliwa, na hiyo ni gharama nyingine. Hapo bei lazima ishuke. Kama breki zinabana rimu, pitisha kidole pale raba zinaposugua. Ukuta ukiwa umebonyea kwa ndani, gurudumu hilo linaelekea mwisho.

Fremu ya kaboni usiguse kwa sasa, ufa wake unaweza kujificha. Alumini au chuma. Gia 8 za nyuma, kama za Shimano Claris, zinakutosha kabisa, na vipuri vyake ni nafuu.

---

Naongezea, kaka zangu, maana mnaongelea cheni kana kwamba mvua hainyeshi. Angalia kama fremu ina matundu ya kufungia madigadi na keria. Nyingi za mashindano hazina, na begi mgongoni kila siku ni jasho. Uliza pia inapokea tairi la upana gani. Ikipokea milimita 28 au zaidi, mashimo hayatakutesa sana.

Na geuza baiskeli uone namba ya fremu, mara nyingi iko chini ya kranki, pale pedali zinapozungukia. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka bila kuuliza swali. Usimalize fedha zote kwenye baiskeli: kufuli imara, taa, kofia ngumu na pampu vyote vinalipiwa. Valvu za tairi za baiskeli hizi huwa zile nyembamba, kwa hiyo pampu uliyonayo nyumbani huenda isiingie.

---

> Ahsanteni. Jana nimeiona moja, viwiko vimekaa vizuri, matundu yapo. Cheni 307. Muuzaji alipoiona rula alinuna, kisha akapunguza bei.

Meno ya nyuma uliyaangalia?

> Yapo butu, hayajachongoka kama ya papa. Kesho naenda kuichukua.