Gari linaingiza maji kila mvua ikinyesha, mafundi wawili wamechemka. Naombeni ushauri

Mwenye Kiota
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, nilinunua kwa mtu miaka minne iliyopita. Injini haina neno, mafuta inanusa tu. Tatizo ni maji. Masika yalipoanza hapa Dar, asubuhi moja nafungua mlango wa abiria nimpakie mtoto wa shule, anakanyaga chini nasikia "chwaa". Kapeti la mbele kushoto limelowa chapachapa, na la nyuma yake lina unyevu. Nikakamua kwa taulo, karibu nusu ndoo.

Fundi wa kwanza akasema ni kioo cha mbele, eti kilishabadilishwa. Akapaka silikoni kuzunguka kioo chote, elfu thelathini. Mvua iliyofuata maji yakarudi. Fundi wa pili akaicheka kazi ya mwenzake, akabandua, akapaka yake nyeusi, elfu arobaini. Juzi imenyesha usiku kucha, asubuhi napeleka mkono chini: ziwa. Sasa gari linanuka kama mbwa aliyenyeshewa, vioo vinashika ukungu hadi saa nne, na mke wangu kahamia siti ya nyuma kulia. Nifanyeje?

Jirani wa Bahari
Ngoja waje wajuzi. Kwa sasa weka vifaranga vya sato, mwezi wa nane unavuna.

Dalali Mstaarabu
Pole mkuu. Kwanza hakikisha hilo gari halijawahi kunywa mafuriko kabla hujauziwa. Vuta mkanda wa siti hadi mwisho kabisa, uangalie kipande kile kisichotoka siku zote. Ukikuta mstari wa tope, umepigwa.

Mwenye Kiota
Nimetoka kuuvuta sasa hivi, ni msafi mpaka mwisho.

Fundi Mstaafu
Mkuu, usitoe shilingi nyingine kabla hujajibu haya. Kapeti linalowa hata siku ya jua ukiwa umewasha AC? Maji ni meupe, au yana rangi na utelezi? Na mvua ikishanyesha, ukiwasha feni ya dashibodi unasikia kitu kinachapa maji?

Nauliza hivyo kwa sababu maji ya ndani ya gari yana baba watatu. Baba wa kwanza ni AC. Ikifanya kazi inatoa jasho, na jasho lile linashuka kwa kimpira kinachotokeza kwenye ukuta wa injini, kwa magari kama lako upande wa abiria. Kikiziba, maji yanageukia kwenye kapeti. Gari lenye AC nzima ukiliegesha lazima uone matone chini. Siku usipoyaona kwenye joto la Dar, jiulize yanakwenda wapi. Baba wa pili ni hita. Ikitoboka hayo si maji, ni kulanti, ile dawa ya kupozea injini: yana utelezi, yana harufu ya utamutamu, kioo kinapata ukungu wenye mafuta, na rejeta inapungua bila kuona inapovujia. Hapo usiendelee kuendesha.

Baba wa tatu ni mvua yenyewe, na huyu ndiye msumbufu. Anaweza kuingilia juu ya paa, akateremka ndani ya nguzo ya mlango, akatokea miguuni. Mafundi wako wamepaka silikoni pale walipohisi, hakuna aliyemwaga maji akaangalia.

Mwenye Kiota
Mkuu umejuaje hiyo ya feni? Nikiwasha asubuhi inalia chapa chapa chapa, kisha inanyamaza. Nilidhani beringi zimekwisha. Maji ni meupe, na siku za jua hata nikiwasha AC safari nzima kapeti linabaki kama lilivyokuwa, halizidi kulowa.

Fundi Mstaafu
Basi tumekaribia. Unaegesha wapi?

Mwenye Kiota
Chini ya mwarobaini, nje ya geti. Kivuli kizuri sana.

Fundi Mstaafu
Nilijua tu. Fungua boneti, ng'oa mikono ya waipa, kisha toa ile plastiki nyeusi iliyo kati ya boneti na kioo. Chini yake kuna mfereji wa bati. Maji yote yanayoteremka kwenye kioo yanaangukia humo, yanatokea pembeni kulia na kushoto, nyuma ya madigadi. Humo humo ndimo feni inapovutia hewa ya nje. Majani yakiziba njia za pembeni, mfereji unajaa kama bwawa, maji yanafika mdomo wa feni na kumwagikia miguuni kwa abiria. Kioo hakihusiki kabisa.

Toa majani kwa mkono, usiyasukume kwa waya, utayashindilia. Kisha mimina maji taratibu uone yanatoka chini pande zote mbili. Ukimaliza hapo usifunge kesi, maana nyuma yake nako umesema kuna unyevu.

Mpita Njia
Mnamsumbua bure. Toboa matundu mawili kwenye sakafu kwa drili, maji yaingie yatoke. Mimi ya kwangu nilifanya hivyo, mwaka wa tatu huu.

Fundi Mstaafu
Mpita Njia, utakuja kukanyaga breki ukanyage na lami. Sakafu ina vizibo vya mpira tangu kiwandani. Ukitaka kumwaga maji toa kimoja, kikauke, urudishe. Tundu la drili halina rangi, kutu inaanzia hapo hapo.

Mtoto wa Mvita
Naunga mkono. Huku kwetu Mombasa hewa yenyewe ina chumvi, bati likikwaruzwa tu laanza kuliwa. Na ile silikoni yenye harufu ya siki usikubali ipakwe gari lako, nayo huleta kutu chini yake. Kioo kikivuja kweli, dawa ni kukitoa na kukirudisha kwa gundi yake ya vioo, kisha ukiache kikae bila kuoshwa wala kubamizwa milango.

Mama Pacha
Mimi nilikuwa na Starlet nikiishi Bukoba, na mvua ya Bukoba mnaijua, haiulizi msimu. Tairi la spea lilikuwa linaogelea. Kila fundi akilaumu mpira wa mlango wa nyuma. Siku moja nikakausha kila kitu, nikapuliza poda ya mtoto kwenye bati lote la ndani, nikalaza siti, mdogo wangu akajilaza humo na tochi, mimi nje na mpira wa maji. Haikupita muda akaanza kupiga kelele. Kwenye poda ilionekana njia moja nyembamba kama ya siafu, imetoka nyuma ya taa ya kulia. Mpira wa taa ulikuwa umekauka umepasuka. Ulinigharimu chini ya bei ya soda mbili.

Fundi Mstaafu
Huyo dada ndiye fundi. Mkuu, fanya kama yeye, ila uanzie chini kupanda juu. Ukianza na paa, kila kitu kitalowa na hutajua kipi kimevuja. Mwagia sehemu moja dakika tano au zaidi ndipo uhamie nyingine. Maji yateremke yenyewe kama mvua. Zile mashine za presha za kuoshea magari zinapenyeza hata mahali pazima. Ukitoa siti kuinua kapeti, chomoa kwanza betri, usubiri dakika kadhaa. Soketi za njano usizichezee, ni za mifuko ya hewa ya ajali.

Mwenye Kiota
MREJESHO. Wakuu, Jumapili nzima nimeshinda na hili gari.

Nimeng'oa ile plastiki. Sikukuta majani, nimekuta shamba. Yameoza yamekuwa udongo mweusi kabisa, na kwenye kona ya kushoto kulikuwa na kimche cha mwarobaini kimeota, kina majani manne, kinaendelea vizuri tu. Nimejaza mfuko wa rambo hadi juu. Nilipong'oa kizibo cha udongo upande wa kushoto, maji yaliyobaki yaligugumia kama sinki linalozibuka, yakamwagikia nyuma ya tairi. Nimemwaga ndoo mbili, feni kimya, mbele pakavu.

Nikaja nyuma. Mpwa wangu ndani na tochi, kapeti limeinuliwa, magazeti yametandikwa chini. Nikaanza kwenye kizingiti cha mlango: "Mjomba, bado." Nikapanda katikati ya mlango: "Bado." Nilipofika kwenye kioo cha mlango wa nyuma kushoto, akakaa kimya kidogo, kisha: "Mjomba, spika inalia!" Maji yanatoka kwenye spika, yanateremka kwenye kava la mlango hadi kwenye kapeti.

Fundi Mstaafu
Spika ulifunga lini?

Mwenye Kiota
Mwaka juzi. Nimefungua kava, ile nailoni iliyobandikwa kwenye mlango imechanwa tundu la kuingia kichwa cha mtoto. Fundi wa redio aliichana apitishe spika, akaiacha inaning'inia.

Fundi Mstaafu
Ndiyo hiyo. Watu hudhani mlango haupitishi maji. Unapitisha, umetengenezwa hivyo: mvua inashuka kando ya kioo, inaingia ndani ya mlango, inatoka kwa matundu ya ukingo wa chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwako. Nunua nailoni ngumu, kata kwa kipimo cha mlango, bandika kwa utepe ule mweusi wa gundi isiyokauka. Ncha ya chini uichomeke iingie ndani ya bati, siyo ikae nje, la sivyo umefanya kazi bure. Na matundu ya chini ya mlango yachokonoe.

Mwenye Kiota
Nimefanya hivyo leo jioni. Kapeti liko juu ya ukuta linaanikwa siku ya tatu sasa. Juu lilikauka siku ile ile, ila ile pamba ya chini ukiikanyaga bado inatoa maji. Sakafu ina kutu ya juu juu kushoto, nitaipiga msasa na kupaka rangi kabla sijarudisha.

Mama Pacha
Hongera. Usirudishe kapeti mpaka mvua kubwa moja inyeshe, uangalie bati likiwa wazi. Na uhamie mti mwingine.

Mwenye Kiota
Kivuli ni hicho hicho, dada, nitakuwa nazibua kila mwezi. Halafu nisiwafiche: chini ya kapeti nimeokota pini za nywele tatu, jino la kitana, na sarafu ya Kijapani ya yeni 5, ile yenye tundu katikati. Imekaa humo tangu gari liko kwao.

Jirani wa Bahari
Hiyo sarafu ni yetu sote, mkuu. Ushauri hautolewi bure.