Ulibadilisha taiming belti, tenshona ukaiacha? Tupeane uzoefu

Mtu wa Kibaha

Wakuu, habari za Jumapili. Kila ninapokaa na wenye magari ya taiming belti, ule mkanda wa meno unaofungamanisha mzunguko wa pistoni na wa valvu, nasikia kauli moja: "Mimi belti nilishabadilisha." Muulize tenshona, ile puli inayoikaza belti isilegee, anaguna. Ukimbana zaidi atakwambia fundi aliizungusha kwa kidole, akaona inazunguka, akairudisha ileile.

Belti inaweza kuwa mpya kabisa, lakini beringi ya tenshona ikifa, belti inalegea, inaruka meno au inatoka. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu zinapokezana nafasi moja, valvu zinapinda palepale. Hapo huongelei tena bei ya belti, unaongelea kufungua silinda hedi.

Waliokutwa na hili watuambie: gari gani, mlio gani ulitangulia, na mlimalizaje. Wa IST na Vitz za injini ya 1NZ, nyie mna cheni badala ya belti, pumzikeni.

Forester ya Thika

Salaam kutoka huku Kenya. Yangu ni Forester SG5, injini EJ20. Asubuhi za baridi nikiwasha inagonga tak tak tak kwa mbele, ikipata moto inanyamaza. Fundi wa kwanza akasema ni valvu zataka kurekebishwa, akataka kufungua. Nikampelekea mzee mwingine, yeye akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la belti, mpini sikioni. Akacheka. "Hii ni tenshona."

Kava lilipotoka, oili ilikuwa imevuja pale fimbo ya tenshona inapotokea. Ile ya Subaru inasukumwa na oili iliyofungiwa ndani yake, ikivuja haina nguvu tena ya kushika belti injini ikiwa baridi. Nilibadilisha seti yote: belti, tenshona, puli zote za kuongozea pamoja na ile ya meno, na pampu ya maji kwa sababu inazungushwa na belti hiyohiyo. Mlio ukaisha.

Onyo kwa wanaonunua spea Kirinyaga Road: angalieni beringi, msiangalie boksi. Boksi lilikuwa zuri sana, beringi ndani haina hata alama ya aliyeitengeneza. Nilirudisha.

Spana Namba Kumi

Mimi ni fundi, niseme la kazi.

Kuzungusha kwa kidole si kosa, kosa ni kutojua unatafuta nini. Puli nzima inazunguka kimya na kwa uzito kidogo, kwa sababu grisi bado ipo. Ikizunguka kwa kasi na kuendelea yenyewe kama gurudumu la baiskeli, grisi imekauka. Ukisikia mchanga ndani, imekwisha. Itikise kushoto na kulia pia, isicheze. Halafu tazama kando ya belti: ikiwa imelika upande mmoja, puli fulani haikai sawa.

Tenshona ya oili: isimamishe, isukume fimbo kwa mkono. Ikizama kirahisi, tupa. Unyevu mwepesi kwenye sili usikutishe, lakini oili inayotiririka haina mjadala.

Sasa kosa ninaloliona sana. Kijana anaibana tenshona kwenye jiliwa kwa haraka, fimbo inaingia kwa nguvu, sili ya ndani inaharibika hata kabla haijafungwa. Ibane ikiwa wima, polepole, ukisubiri oili ihame ndani, mpaka matundu yalingane uchomeke pini. Pini usiitoe mpaka belti imekaa na boliti zimekazwa kwa spana ya kupimia.

Ukishatoa pini, zungusha krenki (shafti kuu inayosukumwa na pistoni) kwa mkono raundi mbili kamili, upande injini inaozunguka, kisha rudi kwenye alama za taiming. Ikigoma katikati usilazimishe, valvu imekutana na pistoni. Usipime kwa starta! Na kwa EJ za Subaru, alama ya krenki ni kijistari kidogo kwenye jino la nyuma la gia, sio ule mshale. Mshale huo umewaliza wengi.

Tenshona za springi, kama ya injini 5A ya Corolla, ni rahisi zaidi: legeza boliti, iache springi ivute yenyewe, zungusha krenki, kaza. Usiisaidie springi kwa mtaimbo. Belti iliyobanwa kupita kiasi inalia wiiii na inaua beringi, na pampu ya maji kama ipo kwenye mzunguko huo.

Corolla 110

Mimi ya 5A ilinikatikia Segera. Puli ilijam, belti ikaungua. Gari ikavutwa, puli mpya, belti mpya, ikawaka. Valvu hazikuguswa.

Spana Namba Kumi

Kwa sababu 5A pistoni hazifiki kwenye valvu. Usimshauri mwenye dizeli kwa bahati yako.

Konda Mstaafu

Na dizeli ndiyo yangu. Hiace ya 5L, niliinunua mkononi kwa mtu. Taa ya T-BELT, ya kukumbusha kubadilisha belti, haikuwahi kuwaka, nikasema safi. Kumbe balbu ilitolewa! Ilizima Mikese na abiria ndani. Belti ilikuwa imeruka meno, puli ya tenshona inacheza kama jino la mtoto. Valvu zilipinda. Nauli nilirudisha, watu wakapanda gari jingine, wawili walinitukana.

Mtu wa Kibaha

Pole sana mkuu. Na hata balbu ikiwepo, ile taa inahesabu kilomita tu, haioni belti wala tenshona. Dashibodi ikibadilishwa, hesabu inapotea.

Chaser wa Arusha

Naomba kuuliza. Mark II yangu ni 1JZ VVT-i, kwenye kava kuna stika ya Kijapani. Nimeipiga picha, simu imetafsiri: taiming belti ilibadilishwa, na kilomita zimeandikwa. Niiamini?

Spana Namba Kumi

Kwanza linganisha na odomita. Kilomita za stika zikizidi za kwenye dashibodi, kuna mtu amezirudisha nyuma hizo za dashibodi, na huo ni ushahidi wa bure. Zikilingana, stika imesema belti, haikusema tenshona. Hiyo 1JZ yako tenshona ni ya oili, na belti ikiruka valvu zinagongana na pistoni. Fungua kava la juu uone unyevu, angalia na sili za kemshafti (shafti inayofungua valvu) zisiwe zinamwagia belti oili. Kama belti ina miaka zaidi ya saba, badilisha vyote pamoja na pampu ya maji, kazi ya kufungua ni hiyohiyo.

Chaser wa Arusha

Stika ina kilomita nyingi kuliko dashibodi. Namtafuta aliyeniuzia.