Tupeane uzoefu: mlimpokeaje padre mpya parokiani kwenu huku Mtwara na Lindi?

Mama wa Uwandani
Wapendwa Tumsifu Yesu Kristo, na wale wa imani nyingine habari za saa hizi. Parokia yetu iko huku juu uwanda wa Wamakonde, wilaya ya Newala. Paroko wetu alihamishwa na tangu hapo padre wa parokia jirani ndo anatusimamia, anakuja akishamaliza misa ya kwake, jua limeshakuwa kali na bado ana kigango kingine, yaani kanisa dogo la kijijini chini ya parokia, mbele. Sasa tumetangaziwa kuwa paroko mpya anakuja. Mimi nipo halmashauri ya walei na nimewekwa kamati ya mapokezi, naomba mnisimulie kwenu ilikuwaje. Mambo ya maturubai na keki tunayaweza, nataka yale yanayobaki maturubai yakishashushwa.

Kuna vijana wanauliza kwanini tusitafute padre wenyewe tunayemtaka. Kwetu Wakatoliki askofu ndo anateua, ila sio kwamba waumini hatuna sauti kabisa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 524, inamtaka askofu amsikilize dekano, yule padre anayesimamia parokia kadhaa za jirani, kabla ya kuteua, na akiona inafaa asikilize pia mapadre na walei kadhaa. Sisi dekano alipokuja hatukutaja jina la mtu, tulimweleza hali: vigango viko mbali, maji ni shida, wazee wengi wako raha zaidi wakiongea Kimakonde, vijana wanaondoka kwenda mjini. Tukamwambia tunaomba mtu mwenye miguu ya kutembea.

Mwera wa Nachi
Milele amina mama. Sisi upande wa Nachingwea tulikaa bila padre masika yote, na zile barabara za vigango unazijua mvua ikinyesha, gari inalala njiani. Nina moja tu la kukwambia, mkumbukeni katekista. Kipindi kile kila Jumapili ni yeye aliyeongoza Ibada ya Neno, anasoma, anafundisha, siku ambazo padre jirani ametuachia Ekaristi anakomunisha maana alikuwa na ruhusa rasmi, jioni kuna msiba anazika. Watoto wa komunio ya kwanza anawafundisha chini ya mwembe huku shamba lake la ufuta linasubiri palizi, na posho yenyewe ni ile ikipatikana imepatikana. Alafu padre anafika, shangwe zote kwa padre, katekista unamkuta huko nyuma anagawa sahani.

Paroko wetu alipofika alifanya jambo ambalo watu wanalizungumza mpaka leo. Wageni walipoondoka alimwita katekista wakakaa barazani na taa ya sola, akamwomba daftari lake. Sio la ubatizo, lile linakaa ofisini, hili ni kauntabuku limechakaa pembe zote ambalo katekista alikuwa anaandika mwenyewe: mtoto gani kazaliwa hajabatizwa, nani amezikwa bila misa, mzee gani hawezi tena kutembea, ndoa ipi inasubiri, nyumba gani baba na mama hawasemeshani. Wakapitia ukurasa kwa ukurasa mpaka usiku. Kesho yake padre hakufungua ofisi, alipanda nyuma ya pikipiki ya katekista na mafuta ya wagonjwa kwenye mkoba wakaanza na bibi mmoja aliyekuwa kitandani tangu kabla ya mvua na kila anayeingia anamuuliza padre kaja? Akamsikiliza kitubio, akampaka mafuta, akamkomunisha. Yule bibi alifariki wiki ileile na kwenye mazishi padre alikuwa anajua anamzika nani.

Kwahiyo kwenye ratiba yenu wekeni katekista asimamishwe mbele za watu ashukuriwe, na mke wake pia maana ndo aliyelima peke yake.

Kijana wa Chikongola
Sisi huku Mtwara mjini shida ilikuwa kumlinganisha. Kila akifanya kitu utasikia "padre fulani hakuwa hivi", mara mahubiri mafupi, mara haimbi vizuri, na yote yanaandikwa kwenye grupu la wasap ambalo yeye mwenyewe yumo. Mwenyekiti akasimama Jumapili moja akasema wazi kwamba mwenye neno amfuate padre ofisini. Ikatulia. Semeni mapema kabla hajafika.

Binti Newala
Sisi ni Waanglikana, mapadre wetu wanaoa, kwahiyo anapokuja padre inakuja familia na hapo ndo wengi tunasahau. Kwetu kamati ilipanga chakula, kwaya, risala, zawadi, kila kitu padre padre padre. Mke wake ni mwalimu, uhamisho wake ulikuwa bado haujatoka, kwahiyo padre alikuja peke yake na watoto wakabaki kule na mama yao kwa sababu muhula ulikuwa katikati. Yule baba alikuwa anatoka kwenye ibada anarudi nyumba tupu, anapika uji mwenyewe. Wamama wa Umoja walipogundua wakagawana siku za kumpelekea chakula, na mzee mmoja wa kanisa ambaye ni mwalimu mstaafu akaanza kufuatilia ile barua ya uhamisho mpaka ikatoka. Mama alipofika na watoto tukafanya mapokezi ya pili, madogo tu, ya kwake yeye, na kwa maoni yangu yale ndo yalikuwa mapokezi hasa maana padre mwenyewe siku ile alilia.

Na sio jambo geni huku kwetu. Padre Cecil Majaliwa, mmoja wa mapadre Waafrika wa mwanzo kabisa wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alipewa upadre mwaka 1890 na alifanya kazi Chitangali akiishi hapo na familia yake. Tangu enzi hizo nyumba ya padre huku ina mama na watoto ndani. Hata nyie Wakatoliki ambao padre hana mke, ana mama yake mzazi na ndugu, ulizeni kama watakuja siku ya mapokezi watalala wapi.

Bint Mikindani
Mimi ni Muislamu, naomba nichangie kidogo. Alipokuja padre wa kanisa la jirani na kwetu walikuja kutuomba sufuria kubwa na majamvi, tukawapa na tukaenda kupika nao kabisa. Padre kesho yake akapita nyumba kwa nyumba kushukuru, kwetu akanywa chai. Baba alipofariki padre alikuja msibani akakaa mkekani na wanaume mpaka maziko. Msiwasahau majirani kwenye mialiko, huku tumeoana na kuzikana muda mrefu.

Mkulima wa Tandahimba
Mimi nitasema tofauti kidogo. Michango. Mnapanga mapokezi makubwa wakati huu watu hawana kitu? Korosho mnada unaanza Oktoba, na hata ukishauza kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, hela hailali mfukoni siku hiyohiyo, unasubiri. Kwetu walipanga kiwango kwa kila kaya kabla ya msimu, kuna kaya ziliona aibu zikaacha kuja kanisani kabisa kwa sababu majina ya waliotoa yalisomwa na ya ambao hawajatoa yakajulikana. Padre mpya ndo alikuja kuwafuata majumbani mmoja mmoja. Mapokezi yanafukuzaje watu? Mwenye muhogo alete muhogo, mwenye jogoo alete jogoo, mwenye ming'oko achemshe ming'oko, sherehe ya hela isubiri msimu.

Mama wa Uwandani
Kaka wa Tandahimba umenigusa, maana rasimu yetu ilikuwa na kiwango kwa kaya. Nitalipeleka Jumamosi kwenye kikao na nitalisimamia lifutwe.

Mstaafu wa Ndanda
Wanangu, nimekulia misheni. Enzi za wamisionari hatukujiuliza padre anakula nini, tuliona kila kitu kinatoka abasia. Wale Wabenediktini nao walipata tabu zao, Nyangao na Lukuledi zilichomwa kwenye Vita ya Majimaji 1905, mwaka uliofuata ndo wakaanza hapa Ndanda. Siku hizi padre ni mtoto wetu na sisi ndo tunatakiwa kumtunza, lakini bado wengi wana akili ileile ya kwamba kanisa lina hela mahali. Akifika mwonyesheni hesabu halisi wiki ya kwanza. Zaka inaingia lini, inakauka lini, deni gani lipo dukani. Mimi nilikuwa mhazini, nimeona paroko anaambiwa "tuko vizuri baba" alafu Februari anashangaa hana hata mafuta ya pikipiki.

La pili, makabidhiano yafanyike kwa maandishi na wote wawili wawepo, anayetusimamia na anayeingia. Daftari la ubatizo, la ndoa, la marehemu, vyombo vya ibada, hati ya kiwanja, funguo. Hati ya kiwanja hasa! Vigango vingi huku vimejengwa kwenye ardhi iliyotolewa kwa mdomo na mzee ambaye ameshafariki, wajukuu zake sasa wanataka kupanda mikorosho. Mkiwa na mashahidi walio hai waandikeni sasa hivi.

Mama wa Uwandani
Shikamoo babu, na asanteni wote. Hilo la ardhi tuna kigango kimoja hali ni hiyohiyo kabisa, nitamtafuta mjumbe wa kule kesho.

Niwaambie tulipofikia. Jana tulienda kufungua nyumba ya padre tukakuta popo wameingia darini, mbao mbili zimeoza na kinyesi kimedondoka mpaka kwenye godoro. Simtanki lipo lakini gata imekatika upande wa jikoni, kwahiyo mvua yote ya msimu uliopita imemwagika chini, na huku kwetu mnajua maji ya kununua ni bei gani. Wanaume wa UWAKA wamechukua dari na gata, akina mama wa WAWATA usafi na godoro, vijana wa VIWAWA watachimba shimo la taka na kupaka chokaa. Maturubai tumepunguza, ile hela ndo inanunua bati na mbao. Mwera wa Nachi, nilimsomea katekista wetu ulichoandika, akasema na yeye analo kauntabuku.

Swali langu lililobaki ni la popo. Fundi anasema tuzibe matundu usiku wakishatoka kutafuta chakula, mwingine anasema moshi wa pilipili. Aliyewahi kuwatoa wasirudi aniambie alifanyaje, maana Jumatatu kazi inaanza.